Kuinua nyuma ya pikapu: niweke vipande vya chuma au niongeze bamba?

Mchomeleaji
Habari zenu wakuu. Pikapu yangu ina springi za mabamba nyuma, matano kila upande. Karibu kila siku nabeba jenereta, mitungi miwili ya gesi na boksi la zana. Sasa imekaa chini kabisa, na nikipita kwenye tuta tairi inakwangua bodi. Nimepima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda: kushoto sm 47, kulia sm 49. Fundi mmoja anataka kuniwekea vipande vya chuma vya sm 5 kati ya springi na ekseli, anasema saa mbili kazi imekwisha. Mwingine ananishauri niongeze bamba. Nifuate lipi? Na nikiamua kufanya mwenyewe, nianzie wapi?

Fundi Springi
Ndugu yangu, mimi hiyo tofauti ya sm 2 ndiyo inayonitia wasiwasi. Kabla hujanunua chochote shusha mzigo, simamisha gari pahali tambarare, upime tena. Kushoto ikibaki chini, chukua brashi ya waya usugue mabamba ya upande huo, hasa pale katikati yanapopitiwa na senta bolti, ile inayoyafunga mabamba pamoja. Bamba hupenda kupasukia hapo, na ufa wake unauona kama mstari mwembamba wa kutu. Ukiweka kipande cha chuma juu ya springi iliyopasuka, gari litapanda na ugonjwa utabaki.

Kipande cha sm 5 kinainua sm 5, lakini springi inabaki na ulegevu uleule. Kwa mtu anayebeba kila siku kama wewe, bamba la ziada lina maana zaidi kwa sababu linaongeza nguvu. Ila uzito ulioruhusiwa na waliotengeneza gari haubadiliki hata ukiongeza mabamba matatu. Ekseli, breki na chesisi ni zilezile. Vipande viwili kupandana, au kipande cha mbao, hapana kabisa.

Kuhusu kuinua: handibreki kwa kawaida inashika magurudumu ya nyuma. Yakishakuwa hewani haizuii kitu, kwa hiyo weka kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake. Inua kwa jeki chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, weka stendi mbili imara chini ya chesisi, mbele ya mahali springi inapoanzia, kisha shusha hadi uzito ukae juu ya stendi. Jeki ibaki inashikilia ekseli. Fungua shokapu kwa chini, halafu shusha ekseli polepole huku ukitazama mpira wa breki. Ukianza kuvutika, simama. Maliza upande mmoja ndipo uguse wa pili. Na senta bolti usiifungue kabla hujayabana mabamba kwa klampu mbili, yana nguvu ya kukuvunja mkono.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu cha gari. Mimi hurudia kuzikaza baada ya kilomita 100 hivi, na kila mara nakuta nati moja au mbili zimelegea.

Dereva wa Mzigo
Naongeza jambo moja lililonikuta mwenyewe. Pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Nyuma ikiwa juu, valvu inadhani gari ni tupu, basi inapunguza nguvu ya breki nyuma. Niliinua langu nikasahau mkono huo. Siku ya kwanza na mzigo, kwenye mteremko, pua ikazama, magurudumu ya mbele yakafanya kazi yote hadi nikasikia harufu ya pedi. Nilipoingia chini nikakuta mkono umening'inia chini kabisa. Urekebishe siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Sheko ndefu, yaani vile vyuma vinavyounga ncha ya nyuma ya springi na chesisi, nazo zinatajwa sana. Ukiongeza urefu wa sm 5 unapata kama nusu yake tu, na pua ya difu inageuka, ndipo propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inapoanza kutetema.

Fundi Springi
Ahsante kwa hilo la valvu, lilinipita. Na bolti za bushi, zile zinazopita kwenye mipira ya ncha za springi, zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unakaa umejisokota na utachanika mapema.

Mchomeleaji
Nimerudi. Nilishusha mzigo wote, kushoto bado chini. Nikasugua kama ulivyosema: bamba la pili kutoka juu limekatika kabisa kwenye tundu la senta bolti, na vipande viwili vimesagana hadi chuma kinang'aa. Yule wa vipande vya chuma nimemwambia asubiri. Nabadilisha springi pande zote mbili, na yubolti nne mpya ziko hapa mezani.

Fundi Springi
Vizuri. Kabla hujafungua, pima mkono wa valvu ulivyokaa sasa, uandike.