Titresheni ya sirinji na asidi ya betri: tuifanye au tusubiri maabara?

Mleta mada, mwalimu wa kemia, Kasulu

Walimu wenzangu wa Kigoma na Tabora, naomba tulijadili hili bila kuzunguka. Shule zetu kadhaa za kata zina chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni, lakini ndani ni meza na vumbi. Mtoto anafundishwa titresheni (kupima nguvu ya asidi au besi kwa kudondoshea moja ndani ya nyingine mpaka zizimane) ubaoni, bureti (mrija wenye mistari wa kudondoshea) anakuja kuishika wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Mimi nasema tusisubiri, vitu vya dukani vinatosha kuanzia Kidato cha Tatu.

Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, nguvu yake huwa kati ya 4 na 5 M (moli kwa lita). Pima 11 cm³, mimina polepole ndani ya maji (asidi iende kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi), jaza hadi lita 1. Hapo una karibu 0.05 M. Kwa besi, chukua 8.4 g za bekingi soda, si bekingi pauda maana ile ina wanga na asidi yake. Ikaange kwenye chombo kikavu cha chuma hadi uzito usishuke tena. Zinabaki 5.3 g za kaboneti ya sodiamu, na ukijaza hadi lita 1 unapata 0.05 M. Ukiweka 20 cm³ za besi na matone mawili ya M.O. (methyl orange, kiashiria kinachobadili rangi), asidi itakayotumika ni karibu 20 cm³. Sirinji za duka la dawa, bila sindano, zinashika nafasi ya bureti na pipeti (mrija wa kuchukulia ujazo maalumu).

Fundi sanifu wa maabara, Tabora mjini

Mwalimu, nia yako ni njema, ila hesabu hiyo inapita mahali penye shimo. "Karibu 0.05 M" si kitu cha kumpa mwanafunzi kama thamani ya kweli. Asidi ya betri haina nguvu moja kila dumu, na dumu lililoachwa wazi hubadilika. Kipimo cha kuaminika hapo ni kaboneti, na asidi ndiyo ipimwe kwayo.

Na hiyo kaboneti iangaliwe. Bekingi soda ikitoka motoni kabla haijaiva, ukapima 5.3 g kutoka kwenye rundo, huna 5.3 g za kaboneti. Rundo likibaki na sehemu moja ya kumi ya bekingi soda, titre (ujazo wa asidi uliotumika) inashuka kutoka 20.0 hadi karibu 19.3, na mtoto atalaumiwa kwa kosa la mwalimu. Mizani ya kusoma 0.1 g nayo ni butu kwa kiasi kidogo hivyo. Afadhali upime 53 g, uziyeyushe katika lita 1, kisha uchukue 100 cm³ na kujaza hadi lita 1.

Halafu usalama. Asidi ya 4 M inatoboa sare ya shule na kuunguza ngozi. Asiyekuwa na miwani, glavu na ndoo ya maji pembeni asilifungue hilo dumu. Wanafunzi wapewe ile iliyokwisha kuzimuliwa tu.

Mwalimu, Kigoma mjini

Nashangaa hakuna aliyeuliza: maji gani? Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya kibesi, pH yake iko karibu na 9, na kila lita ina bikaboneti za kuzima karibu milimoli 6 za ioni za hidrojeni (H⁺) za asidi. Ukizimua asidi kwa maji hayo, sehemu yake imeshaliwa kabla mtoto hajaanza kazi. Asidi ikichanganywa kwa maji ya ziwa na besi kwa maji safi, titre inapanda hadi kama 21.3. Zote mbili zikichanganywa kwa maji ya ziwa, inafika 22.5. Darasa zima linapata jibu lisilo sahihi kwa umoja, na hapo ndipo watu husema "wamepatia, wote wamekubaliana".

Kipimo chake ni rahisi. Weka 100 cm³ za maji kwenye flaski, tone mbili za M.O., kisha dondosha asidi yako ya 0.05 M. Maji ya ziwa yatabaki na rangi ya njano mpaka karibu 6 cm³ ziingie. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati hugeuka kwa matone machache. Mwenye maji ya mvua anaweza kuendelea.

Kwa uchambuzi wa chumvi (kutambua chumvi ina nini) ni vilevile. Sampuli ya chumvi ya Uvinza ni nzuri kwa kufundisha kloridi, lakini ukiiyeyusha kwa maji ya ziwa, nitrati ya fedha, ile ya kuonyesha kloridi, inatia ukungu hata kwenye maji matupu. Daima fanyeni jaribio la maji peke yake kwanza.

Mwalimu mstaafu, Urambo

Mimi kilio changu ni daftari. Sirinji ya 10 cm³ ina mistari ya 0.2 au 0.5, na kwa 20 cm³ utaijaza mara mbili, kila mara na kosa lake. Mtoto akiandika 19.85 kutoka kwenye sirinji ameandika asichokiona. Jedwali linataka usomaji wa mwanzo, wa mwisho na ujazo uliotumika. Akisoma kwa sirinji aandike desimali moja, aandike na neno "sirinji" juu ya jedwali. Desimali mbili ni za bureti. Duru ya majaribio haiingii kwenye wastani, na zinazoingia zisipishane zaidi ya 0.2.

Mnaofundisha kupanga namba zifanane mnaharibu kabisa. 20.10, 20.10, 20.10 si usahihi. Bureti hairudii hivyo mkononi mwa mtoto wa miaka 16. Kwenye chumvi nako ni hivyo hivyo: "kaboni dioksidi ilitoka" si uchunguzi. Uchunguzi ni mapovu, gesi isiyo na rangi, maji ya chokaa kugeuka meupe. Jina la gesi linaandikwa kwenye safu ya hitimisho.

Mleta mada

Nakubali suala la maji na la kupima asidi kwa kaboneti. Kwenye sirinji bado nabisha: Kidato cha Tatu atumie sirinji na desimali moja, bureti ziwekwe kwa Kidato cha Nne. Kumnyima kabisa ni kumpeleka mtihanini hajui hata rangi ya M.O. inapogeuka.

Fundi sanifu

Kwa sharti hilo, sawa. Ila nakuongezea moja: usiwape POP (phenolphthalein, kiashiria kingine) mahali pa M.O. kwa kaboneti. Itageuka nusu njia, titre itasoma 10 badala ya 20, na watalifuta jibu lao sahihi wakidhani wamekosea.