Kweri zilizofichwa ndani ya lukapu zinatuharibia ghala la data, na hakuna anayewajibika

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Mkandarasi aliyejenga mfumo wa kuhamisha data kutoka kanzidata za matawi kwenda kwenye ghala la data la taasisi ninayofanyia kazi ameondoka na malipo yake yote. Ametuachia paketi za SSIS (zana ya Microsoft ya kuhamisha data) ambazo karibu kila lukapu iliyomo (kisanduku kinachotafutia kila mstari jibu lake kwenye jedwali jingine) ina kweri, yaani amri ya SQL ya kuchota data, aliyoitunga mwenyewe, isiyo na maelezo, isiyohifadhiwa popote nje ya paketi, na ambayo huwezi kuiona mpaka ufungue kisanduku kimoja baada ya kingine.

Nieleweke vizuri: sipingi kweri ya kuandikwa kwa mkono. Ukichagua jedwali zima kwenye orodha, lukapu inavuta safuwima zote hadi kwenye kumbukumbu ya seva, wakati unachohitaji ni msimbo wa tawi na ufunguo (kitambulisho) wake tu. Kweri inayotaja safuwima hizo mbili ni kazi njema. Huyu bwana aliandika SELECT *, yaani lete safuwima zote, akaunganisha na jedwali la pili lisilotumika popote, kisha akaiita hiyo kazi ya kitaalamu.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Misimbo ya matawi inakotoka data imeandikwa kila mtu kwa namna yake: wapo walioandika "DSM01", wapo walioandika "Dsm01", na wapo walioacha nafasi tupu mwishoni. Ukiijaribu kweri moja kwa moja kwenye SQL Server yenye mipangilio ya kawaida, yote hayo yanalingana, kwa sababu kanzidata haibagui herufi kubwa na ndogo, wala haijali nafasi za mwishoni. Lukapu iliyowekwa kwenye kashe kamili haifanyi hivyo: inasoma matokeo yote ya kweri kabla mstari wa kwanza haujapita, kisha inalinganisha yenyewe ndani ya kumbukumbu, na humo "Dsm01" si "DSM01". Dawa yake inajulikana, na ile ya herufi imo kwenye maelezo rasmi ya Microsoft: geuza herufi za data inayoingia ziwe kubwa, na utumie UPPER ndani ya kweri; nafasi tupu za mwishoni nazo zikatwe kwa RTRIM, kwenye data inayoingia na kwenye kweri pia. Hakufanya hata moja. Alipoona kazi inakwama kwa sababu ya mistari isiyopata jibu, aliiamuru lukapu ipuuze kosa. Sasa paketi inamaliza kwa rangi ya kijani kila usiku, huku wateja wakiingia ghalani na NULL (yaani pasipo thamani) mahali pa tawi, na asubuhi meneja wa tawi anatupigia simu akiuliza mikopo yake imekwenda wapi. Tangu toleo la 2008 ipo njia maalumu ya kutolea mistari isiyopata jibu. Ingeelekezwa kwenye jedwali la makosa, tungejua siku hiyo hiyo.

Jedwali la wateja nalo linatunza historia: mteja akihama tawi, mstari mpya unaongezwa na wa zamani unabaki. Kweri yake haina sharti la kuchukua mstari unaotumika sasa. Lukapu ikikuta mistari miwili yenye ufunguo mmoja, inashika ule uliotangulia kuletwa na kweri, na kweri isiyo na ORDER BY (amri ya kupanga mistari) haitoi ahadi yoyote kuhusu upi utatangulia. Logi imekuwa ikitoa onyo la funguo zinazojirudia tangu mwanzo. Nani alikuwa analisoma? Yeye sidhani.

Nilipomwandikia, alijibu kwamba hilo ni tatizo la data yetu. Tatizo la data! Kanuni ya mteja yupi ahesabiwe wa tawi lipi aliiamua yeye peke yake ndani ya kisanduku, idara ya mikopo haikuulizwa wala kujulishwa.

Ninachotaka kujua kutoka kwa wenye uzoefu wa mikataba ya namna hii: je, kuna taasisi iliyofanikiwa kumlazimisha mkandarasi aweke kweri zote za lukapu kwenye viewu (kweri zilizohifadhiwa kwa jina) ndani ya kanzidata, ambako mtu mwingine anaweza kuzisoma na kuzikagua, kabla ya kulipwa awamu ya mwisho? Kama mnacho kifungu kilichowasaidia, kiwekeni hapa, maana zabuni ya awamu ya pili imeshatangazwa na nasikia huyu huyu ameomba tena.