Re: Kompyuta ya kwanza kwa Mama, na wakala anayetaka share code

Kutoka: Binti wa Tanga, Leicester

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Naomba msaada, na ni wa haraka. Tunahama nyumba, na wakala kaikataa BRP (kadi ya ukaazi) ya Mama kwa sababu imekwisha tangu 31 Desemba 2024. Anasema hata kama ingekuwa hai asingeipokea, yeye anataka share code, ile namba ya kuthibitisha ruhusa mtandaoni. Ruhusa ya Mama haina shida, alikuja kwa ADR, viza ya mzazi anayetegemea mwanawe, na ILR, ruhusa ya kukaa bila kikomo, anayo. Shida ni kwamba akaunti yake ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, aliifungua kaka yangu alipokuja likizo, akaandika simu yake na barua pepe yake mwenyewe. Sasa kaka kahamia Muscat. Nikitaka kuingia, namba ya usalama inakwenda kwake, nampigia yuko kazini, akija kuisoma muda wake umepita. Juzi akatoa hiyo code mwenyewe, akaituma moja kwa moja kwa wakala. Wakala kairudisha, eti siyo.

Sasa Mama kaja juu: "Ninunulieni hiyo mashine nijifunze, nimechoka kuombewa kila kitu." Ana miaka 78, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, macho kafanyiwa mtoto wa jicho. Kompyuta hajawahi kushika. Simu yake ni ya vitochi. Nimnunulie ipi? Nina pauni 250, nikijibana sana 300.

Kutoka: Fundi, Barking

Dada, kwanza zikwepe zile laptopu mpya za bei ya kutupa zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Windows ikishaingia humo na masasisho yake, hakuna pa kuweka hata picha ya harusi. Kila wiki naletewa moja, mwenyewe anasema "ina virusi". Haina virusi, imejaa tu. Tafuta laptopu ya ThinkPad ya mtumba iliyotoka ofisini, prosesa i5, RAM GB 8, hifadhi ya SSD. Kibodi yake ngumu, herufi zinaonekana, na ikianguka haifi.

Kutoka: Mkenya wa Reading

Fundi, malizia basi maelezo. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. ThinkPad nyingi za bei hiyo zina prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7, na Windows 11 inataka cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Utamuuzia mama wa watu chuma.

Mimi nasema Chromebook, laptopu inayotumia mfumo wa Google. Zilizotoka kuanzia 2021 Google wameahidi masasisho ya miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu siku unayolipa, kwa hivyo usikubali iliyokaa dukani sana. Mamangu anayo. Anafungua kifuniko, anasoma Taifa Leo, anasikiliza misa, anafunga. Haniulizi kitu.

Kutoka: Fundi, Barking

Kizazi cha 8 kinajulikana, mtu hahitaji kuambiwa.

Kutoka: Mkenya wa Reading

Mama wa miaka 78 anajulishwa na nani?

Kutoka: Bi Mkubwa wa Slough

Asalaam aleikum wanangu. Nyinyi mnagombania vizazi vya mashine, mwenzenu kesho hana pa kulala.

Binti, nijibu hili: hiyo code aliyoitoa kakako inaanza na herufi gani? Ya kupanga nyumba huanza na R. Ya kazi ni W. Ukichagua "mengineyo" inakuja S, na wakala akiitia kwenye ukurasa wake haifunguki. Nina hakika kakako kachagua mengineyo, wanaume hawasomi swali mpaka mwisho. Atoe nyingine, inadumu siku 90.

La pili. Code haihitaji kompyuta ya Mama. Namba ya usalama huja kwa ujumbe wa simu, na simu ya vitochi inapokea ujumbe kama nyengine yoyote. Siku kaka akiwa na nafasi, mkae naye kwenye laini, uingie, uende pa kubadilisha taarifa, utie simu ya Mama na barua pepe mpya ya Mama. Basi. Laptopu ya dhahabu ukimnunulia, namba ikiendelea kwenda Muscat umefanya kazi bure.

Kutoka: Mjomba, Glasgow

Mimi huku nimepanga nyumba kadhaa na sijawahi kuulizwa code na mtu. Huyo wakala anakuonea kwa rangi yako. Mripoti.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Slough

Mjomba, Glasgow ni Scotland. Right to Rent, sheria ya kukagua ruhusa ya mpangaji, ni ya England peke yake. Usimpeleke mtoto wa watu kwenye kesi kwa sheria ya mtaani kwako.

Kutoka: Baba Mkwe, Milton Keynes

Laptopu kwa mzee ni mateso. Mkwe wangu tulimnunulia, tukakwama kwenye kubofya mara mbili. Mkono unatetemeka, anabofya mara moja na nusu, mafaili yanahama, anadhani ameharibu, anazima kwa kuchomoa waya ukutani. Mwisho tukampa iPad ya kawaida, anagusa kwa kidole na maandishi tumeyakuza. Tangu Mei 2025 hata WhatsApp ipo kwenye iPad. Siku hizi anatupigia sisi, tena saa kumi na moja alfajiri.

Pia aombe Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wa kipato kidogo, atapata intaneti ya bei ya chini.

Kutoka: Mkenya wa Reading

Mambo mawili, Baba. WhatsApp ya iPad inaunganishwa na simu yenye WhatsApp. Simu ya vitochi haiwezi. Kwa hivyo unamwambia anunue iPad na simu nyingine.

La pili, amesema ADR. Kwa ADR mdhamini hutia sahihi fomu ya SU07, kwamba atamtunza kwa miaka 5 bila fedha za umma. Pension Credit ni fedha za umma. Tafadhali tusiwape watu ushauri wa kuwatia matatani.

Kutoka: Baba Mkwe, Milton Keynes

Nimeelewa bwana, huna haja ya kunifokea. Mkwe wangu alikuja miaka ya tisini, hatukujua SU07 ni kitu gani.

Kutoka: Binti wa Tanga, Leicester

Bi Mkubwa, Mungu akuweke. Ilikuwa S. Kaka katoa ya R jana usiku, wakala asubuhi kajibu neno moja tu, "received". Jumamosi tunabadilisha simu.

Kuhusu mashine bado sijaelewa. ThinkPad, Chromebook au iPad? Mama anachotaka hasa ni kusikiliza redio ya nyumbani na kuwaona wajukuu wa Tanga. Yeye anauliza tu kama matangazo ya vifo yanapatikana humo.

Kutoka: Mama Watatu, Cardiff

Umenitoa machozi na hayo matangazo ya vifo. Bibi yangu alikuwa anapunguza moto wa chungu yakianza, asipitwe na jina. "Habari ziwafikie..." na orodha ya miji, Muheza, Korogwe, Lushoto, mpaka uone ukoo mzima umetawanyika nchi nzima. Huku mtu anafariki unaona picha yake kwenye grupu na maua, kati ya tangazo la vitenge na mtu anayeuza dagaa.

Kutoka: Fundi, Barking

Redio sawa, ila msisahau siku ile ya uchaguzi wa Tanzania, Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa. Mama yangu mdogo alikaa na tableti yake siku kadhaa anabonyeza tu, anadhani imeharibika. Nikamwambia mama, mashine nzima, aliyezima ni mwingine. Mnabishana kizazi cha 7 na cha 8 wakati swichi iko Dar.

Kutoka: Mjomba, Glasgow

Na mzizi wa yote ni uraia pacha. Wakenya wanao tangu Katiba ya 2010. Mama wa Binti angekuwa na pasipoti ya hapa, asingeombwa code na mtu. Lakini akiichukua anapoteza ya Tanzania, kwa hiyo anabaki na ILR mpaka uzeeni. Tunaambiwa turidhike na hadhi maalum ya walioacha uraia! Umezaliwa Bombo, hospitali ya Tanga, halafu unapewa hadhi.

Kutoka: Baba Mkwe, Milton Keynes

Hadhi maalum ni hatua, Mjomba. Hata ardhi imo. Wewe hukuisoma.

Kutoka: Mjomba, Glasgow

Nimeisoma yote. Kura imo?

Kutoka: Mkenya wa Reading

Msituonee wivu sana. Uraia tunao, lakini ukifika ubalozini kutafuta pasipoti utajua hujui.

Kutoka: Msimamizi

Ndugu wanachama, siasa iishie hapo. Kuna watu humu wanasafiri kwenda nyumbani Desemba na majina yao yanaonekana. Mada ni kompyuta.

Kutoka: Bi Mkubwa wa Slough

Basi kwenye kompyuta. Binti, kabla hujatoa hela mpeleke Mama maktaba ya mtaani. Zipo kompyuta za bure, na maktaba nyingi zina wa kuwaelekeza wazee. Akae nayo, umwone mkono wake unakwendaje. Akipenda kibodi nunua ya kibodi, akipenda kugusa nunua ya kugusa. Mwalimu huyo, kuandika hakumshindi. Na ukimnunulia, kwanza mfunze hili: mtu akipiga simu na kusema kompyuta yako ina tatizo, akate. Asiage.

Kutoka: Fundi, Barking

Ya kizazi cha 8 ninayo hapa, pauni 140, chaja yake halisi. Nasema tu.

Kutoka: Mkenya wa Reading

Nilijua tutafika hapo.

Kutoka: Mama Watatu, Cardiff

Samahani kuingilia. Kuna mwenye nafasi kwenye kontena la Dar la mwezi ujao? Nina friji moja na baiskeli mbili za watoto. Naweza kuvileta hadi London.

Kutoka: Msimamizi

Fungua mada mpya, dada.