Kujaza risasi mwenyewe: kuna unafuu wowote au ni kujichosha?

mlengaji_mpya
Wakuu, salaam. Nina bastola ya milimita 9 na bunduki ya kaliba .308, zote kwa kibali, na kulenga shabaha ndiyo burudani yangu. Kwa mwezi bastola inakula risasi 200 hivi, bunduki kama 40. Kuna mwenzangu uwanjani ananunua fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na vichwa, anajaza maganda yake mwenyewe, na anaapa risasi zake zinamgharimu nusu ya zile za dukani. Nimeangalia bei ya mashine nikaguna. Upande wa sheria nimeshaulizia, naruhusiwa. Ninachotaka kujua: hela yangu itarudi, au nitakuwa nimejinunulia kazi ya pili isiyo na mshahara?

hesabu_kwanza
Karibu mkuu. Bei sitaji, tupige hesabu kwa risasi zenyewe. Tuchukulie mashine ya mkono ya hatua moja (inafanya kazi moja tu kila ukivuta mkono wake), mizani, kalibu za kurudisha ganda kwenye umbo lake na kukalisha kichwa, na vikorokoro vyake vyote ni sawa na bei ya risasi 1,500 za milimita 9 za kiwandani. Tuchukulie pia kila unayojaza inakuokolea theluthi ya bei. Lazima ujaze 4,500 ndipo mashine ijilipe. Kwa mwendo wako wa 200 kwa mwezi, hapo ni karibu miaka miwili. Na kwa mashine ya hatua moja, mtu asiye na papara anatoa kama 60 kwa saa. Yaani saa 75 umekaa kwenye kigoda unavuta mkono wa chuma, na bado hujafaidi hata senti.

Sasa geuza upande wa .308. Kwa kuwa risasi yake ni ghali zaidi, hela ile ile ya mashine tuseme ni risasi 400 tu, na akiba inaweza kufika nusu. Ukijaza 800 umerudisha. Kwa 40 kwa mwezi ni miezi 20, lakini kazi yenyewe, hata ukienda taratibu kwa 30 kwa saa, ni saa 27. Namba za bei badilisha kwa za kwako, utaona jibu haliendi mbali na hapo: bastola iache, bunduki ifikirie.

chupi_la_shaba
Mkuu hapo juu kamaliza hesabu, mimi niseme kwa nini iko hivyo. Siri iko kwenye ganda. Katika risasi mpya ya bunduki, ganda la shaba ndilo mara nyingi linalobeba gharama kubwa, nawe ukishapiga unaliacha chini. Anayejaza analiokota. Baruti haisumbui sana: inapimwa kwa greni, uzito mdogo sana, na pauni moja ina greni 7,000. Bastola ikila greni 5, unapata risasi 1,400. Bunduki ikila 43, unapata 160 na ushei. (Hizo ni namba za kugawia tu jamani. Kipimo cha kujazia kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si kwa mtu mwenye jina kama langu.)

Ila maganda si ya milele. La bastola, lililonyooka, linavumilia kujazwa mara nyingi sana. La bunduki, lenye shingo, kila mlipuko unalirefusha kidogo. Itabidi ulipime, upunguze shingo iliyozidi urefu, na siku ukiona mstari unaong'aa umezunguka karibu na kitako, litupe hapo hapo, linataka kukatika. Kazi hii ya kukagua watu huwa hawaihesabu wanapojisifia akiba.

mama_shabaha
Mnaongea fedha tu. Mimi nimejaza miaka mingi na sijawahi kuokoa kitu, kwa sababu nilipoona risasi zimekuwa rahisi nikaanza kupiga maradufu. Kilichonibakiza ni usahihi. Unaweza kubadilisha kichwa, kipimo cha baruti na kina cha kukalisha kichwa mpaka upate mchanganyiko ambao mtutu wako wenyewe unaupenda. Bunduki mbili za kaliba moja hazipendi chakula kimoja.

Halafu kaka, kama nyumbani kuna watoto, kumbuka fataki nyingi zina madini ya risasi, na yale masizi ndani ya maganda yaliyopigwa ni sumu. Usifanyie kazi jikoni, usile ukiwa mezani hapo, nawa mikono na maji mengi. Kamashine ka kusafishia maganda kanakotimua vumbi kaweke mbali na chumba cha kulala.

mzee_wa_mtutu
Nitasimulia lililonipata. Jioni moja nilikuwa katikati ya kujaza, simu ikalia, nikapokea. Niliporudi nikaendelea pale nilipodhani niliishia. Wiki iliyofuata uwanjani, badala ya "pa!" nikasikia "pfu". Ganda halikuwa na baruti, ile fataki peke yake ikasukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Kidole kilikuwa tayari kinarudi kwenye kifyatulio. Risasi ya pili ingekutana na ile iliyokwama, na leo ningekuwa naandika kwa mkono mmoja.

Tangu siku ile simu inabaki chumba kingine, na kila trei nikishatia baruti namulika tochi ganda moja moja kabla ya kukalisha kichwa. Kijana, kabla ya kuuliza kama una hela, jiulize kama unaweza kukaa saa nzima na jambo moja bila kuguswa na kitu kingine. Kuna watu hawawezi, na hakuna aibu, wanunue tu.

mlengaji_mpya
Asanteni sana wakuu. Mzee, shikamoo, hiyo "pfu" imeniingia. Bastola nimeachana nayo, nitaendelea kununua. Kwa .308 nafikiria kuanza. Nina mfuko wa maganda niliyookota miaka yote hii, kama 300. Hayo si mtaji tayari?

chupi_la_shaba
Kabla hujafurahi, pitisha sumaku. Yanayonasa ni ya chuma, weka kando. Yaliyobaki chungulia ndani kwa tochi. Tundu moja katikati, hilo linajazika. Matundu mawili madogo, hayo ni ya mtindo wa Berdan, pini ya kawaida ya kung'olea fataki haiyawezi, itavunjika.

mlengaji_mpya
Nimerudi. Sumaku imenasa 90. Yenye matundu mawili ni 140. Nimebaki na 70, na kati ya hayo matatu yana ule mstari unaong'aa karibu na kitako.

hesabu_kwanza
67 basi. Kwa mtu wa 40 kwa mwezi yanatosha kuanzia. Kitabu cha vipimo kinunue kabla ya mashine.