La Haine: sabtaito zinachelewa na picha haina rangi, tatizo ni TV?

Mwanga_Sokoni:
Wakuu, salama? Tunataka kuwawekea vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, ile filamu ya Kifaransa La Haine (1995). Picha haina rangi. Sabtaito zinaanza sawa, ila ikifika katikati mtu kashafunga mdomo zamani ndipo maneno yanatokea. Ni TV au faili?

Fundi_Faili:
TV ni nzima, usiguse rangi. Kassovitz, mwongozaji wake, alipiga kwa mkanda wa rangi, akaitoa nyeusi na nyeupe kwa makusudi.

Sasa angalia urefu wa video. Filamu ni dakika 98 hivi. Yako ikisoma 94, ni toleo la TV za Ulaya, limekimbizwa kutoka fremu 24 hadi 25 kwa sekunde, na sabtaito zako ni za lile la 98. Kufika mwisho zitakuwa nyuma dakika nne. Vitufe vya G na H kwenye VLC (programu ya kuchezea video) havitatibu, vinasogeza sabtaito kiasi kilekile mwanzo mpaka mwisho. Fungua srt (faili la sabtaito) kwa programu ya Subtitle Edit, badili kasi ya fremu kutoka 23.976 (ndiyo ile 24) kwenda 25, hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa herufi), ipe jina lilelile la video. Jaribu mstari wa mwisho. Wa kwanza hudanganya.

Mwanga_Sokoni:
Asante fundi. Na tukitafsiri kwa maiki? Kuna Wakongo wanaojua Kifaransa.

Ujiji_Mtafsiri:
Kifaransa cha darasani kitawaangusha. Wale vijana wanaongea verlan, silabi zinageuzwa kama ule mchezo wetu wa maneno, kinyume: "flic" (polisi) inakuwa "keuf". Sema "njagu", wataelewa hapohapo.

Zile saa zinazotokea kwenye skrini zisomeni kwa Kiswahili: 10:38 ni saa nne na dakika 38 asubuhi. Mkizipita, watu hawatajua kwamba yote ni ya siku moja, na bunduki aliyoiokota Vinz, mmoja wa wale vijana, inapoteza uzito.

Kisa cha mwanzoni cha mtu anayeanguka kutoka jengo la ghorofa 50 kinarudi mwishoni, lakini hapo anayeanguka ni jamii, si mtu. Ukirudia tafsiri ya mwanzo umeharibu filamu nzima.

Fundi_Faili:
Nyongeza kwa maneno ya utangulizi: chanzo cha filamu ni kisa cha Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 mzaliwa wa Zaire, aliyeuawa kwa risasi akihojiwa kituo cha polisi Paris, Aprili 1993. Hilo lisemwe kabla taa hazijazimwa, maana filamu yenyewe haisimulii kisa chake.