Mjadala: Mji Mkongwe wakati wa korona, nani alikuwa na ufunguo?

Mwanamji: Naleta hoja, na nawaomba tusiigeuze ya vyama. Machi 2020 korona ilipoingia Zanzibar, Mji Mkongwe ulinyamaza ndani ya siku chache. Unapita Shangani mchana, unasikia nyayo zako mwenyewe. Mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya laki tano. 2020 hata laki tatu hawakufika. Papasi anayewatembeza wageni, mpishi wa hoteli, muuza vinyago, mvuvi anayepeleka pweza hotelini, wote wakajikuta wamekaa baraza moja, hawana kazi.

Suali langu: siku zile nani alikuwa akiuongoza mji? Afya si jambo la Muungano, iko kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Usafiri wa anga ni wa Muungano, uhamiaji vilevile. Majumba ya kale yana mamlaka yake ya uhifadhi. Manispaa ikabakiwa na taka na ushuru wa marikiti. Mimi nasema mji unaoishi kwa ndege, baraza lake lazima liwe na kauli juu ya ndege, tena liwe na akiba yake. Anayepinga aje.

Fundi wa Malindi: Nimekuja. Sheikh wangu, mvua ikinyesha Darajani tunavua viatu, halafu manispaa hiyohiyo uikabidhi na uwanja wa ndege? Anga ilifunguliwa Mei 18, na Juni wageni wakaanza kurudi. Aliyeamua hakuniuliza, lakini wanangu walikula. Baraza la madiwani lingekuwa bado linatafuta akidi.

Mkaazi wa Mwembetanga: Walikula wako, kaka. Mie nilikuwa nasafisha vyumba hoteli moja huko pwani. Tulirudishwa kwa nusu mshahara. Januari 2021 Ulaya imefungwa, sisi tumejaa Warusi mpaka vitanda vya ziada vinatolewa stoo. Takwimu za wagonjwa zilikoma kati ya Aprili na Mei 2020, nchi nzima 509, kisha kimya. Naingia chumba cha mtu anayekohoa, nakunja shuka zake, jioni narudi kwa mama mwenye pumu. Februari akafariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na chama chake kilikuwa kimeshasema anaumwa korona. Ndipo mtaani kwetu watu wakaacha kusema "homa ya mapafu tu".

Nyinyi mnagombania ufunguo. Mie nilitaka sheha wangu, kiongozi wa mtaa wetu, ajue wagonjwa wangapi wamo katika shehia yake.

Mwanamji: Dada, hapo sina jibu. Ila hata huyo sheha angejua, angefanya nini mfukoni hana kitu? Ushuru wa hoteli unakusanywa na mamlaka ya mapato, manispaa inautazama ukipita.

Niko Muscat: Mwanamji, angalia Singapore. Kisiwa kimoja, mji mmoja, serikali moja, ufunguo na akiba vyote mkononi. Wakafunga shughuli Aprili 7, 2020. Maradhi yakaripuka kwenye mabweni ya vibarua wa kigeni, wanalala wengi chumba kimoja. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa mwaka ule walitoka humo. Kauli walikuwa nayo. Jicho halikufika bwenini. Dada wa shuka kakutangulia.

Fundi wa Malindi: Na ufunguo wenyewe unaouota haupo hata Dar. Aprili 15, 2021 Urusi ilisimamisha safari za ndege za kuja Tanzania. Diwani wa Kiponda angepiga simu Moscow?

Mwanamji: Asingepiga. Lakini angekuwa na akiba ya kuwapa chakula waliokosa kazi, na hilo hujalijibu, fundi. Tena wazee walikuwa na kisiwa cha Changuu, hapo mbele ya mji, meli inayotiliwa shaka abiria wake wanashushwa kule kwanza. Leo tunawapeleka wageni wakaone makobe.

Mkaazi wa Mwembetanga: Na anayewasafishia vyumba huko, anapimwa na nani?