Mjadala: Muziki wa majaribio redioni, una faida gani kwa msikilizaji?

Mleta mada:
Wakuu, tujadili hili bila matusi. Redio inayoendeshwa kwa fedha za umma inatenga saa nzima kwa wiki kupiga milango inayolia, utepe unaochezwa kinyumenyume na miungurumo isiyo na mdundo, kisha mtunzi anahojiwa kuhusu alichofanya. Je, ni sawa?

Mimi nasema kipindi kibaki, ila mahojiano yabadilike. Ninavyoona, wengi wanaozima redio hawakimbii muziki, wanakimbia maongezi.

Na tusisahau kwamba muziki huu ulizaliwa mikononi mwa watu wa redio. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, mtunzi wa Misri, aliazima kinasa sauti cha waya kwenye kituo cha redio Cairo, akarekodi zar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, kisha akazichezea sauti zile studio hadi ukabaki mwangwi. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alirusha hewani kazi iliyoundwa kwa sauti za garimoshi. Redio ya Cologne, Ujerumani, ikaanzisha studio yake ya muziki huu 1951, BBC nao 1958. Kwa hiyo anayesema mambo haya si ya redio, sijui anazungumzia redio ipi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, historia nzuri, lakini msikilizaji wa leo hasikilizi historia. Kizuri chajiuza. Enzi hizo mitambo ilikuwa ya redio peke yake, leo kila mtunzi ana kompyuta na intaneti, anayemtaka atamfuata huko. BBC wenyewe walitangaza mwaka 2019 kwamba Late Junction, kipindi chao cha muziki wa namna hii, kitapunguzwa kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja. Wao wenye fedha wameona mzigo, sisi tunang'ang'ania nini?

Mchangiaji wa pili:
Umechukua kipande kinachokufaa. Mwaka huohuo kituo cha WNYC cha New York kilitangaza kufuta New Sounds, kipindi cha muziki wa namna hii cha mtangazaji John Schaefer, kilichoanza 1982. Wasikilizaji wakaja juu, uamuzi ukatenguliwa. Sisemi wapenzi wake ni wengi, nasema wapo.

Halafu hilo la intaneti halinishawishi. Kule unatafuta kitu ambacho jina lake tayari unalijua. Mimi muziki huu ulinikuta nikiwa sijauita, na nisingeuita kamwe.

Mchangiaji wa tatu:
Kidogo nje ya mada. Redio ya BBC iliporusha 4'33" ya mtunzi Mmarekani John Cage mwaka 2004, ile kazi ambayo wapigaji hawapigi chochote, ilibidi wazime mtambo wa dharura, maana ukimya ukizidi mtambo hudhani matangazo yamekatika na kuanza kurusha kitu kingine. Kazi iliyoishinda akili mashine ya redio yenyewe, mimi naivulia kofia.

Mleta mada:
Asante kwa hiyo. Sasa nirudi kwenye mahojiano, ndiko ugomvi wangu uliko.

Mtangazaji anauliza, "Kazi yako inazungumza nini kuhusu upweke wa binadamu?" Mtunzi anajibu kwa robo saa, hakuna anayeambulia kitu. Laiti angeuliza mikono ilifanya nini! Yule Pierre Schaeffer wa garimoshi alianza kwa santuri: alikata mfereji unaojifunga wenyewe, sindano ikawa inazunguka palepale na kurudia kipande kilekile cha sauti. Sentensi moja tu, na anayesikiliza tayari anajua atege sikio wapi. Kwa hiyo pigeni kazi kwanza bila utangulizi, ulizeni ilivyotengenezwa, kisha pigeni tena. Usikilizaji wa pili haufanani na wa kwanza hata kidogo.

Au waacheni watu wapige soga. Cage na mtunzi mwenzake Morton Feldman walirekodi mazungumzo marefu katika kituo cha WBAI, New York, mwaka 1966 na 1967. Feldman analalamikia redio za watu zinazopiga kelele ufukweni. Cage anamjibu kwamba yeye alishatunga kazi ambayo ala zake ni redio 12, kwa hiyo akisikia redio za watu anahesabu wanapiga muziki wake. Anayechukia muziki wa wote wawili bado atacheka hapo.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwenye kupiga mara mbili nakubali, kwa kazi ya dakika tano. Ya dakika arobaini je? Saa yote imekwisha. Na bado hujagusa suala la muda: mkiweka jioni kabla ya taarifa ya habari, mnafukuza watu walioifungulia redio kwa ajili ya habari. Wekeni saa tano usiku.

Mchangiaji wa pili:
Saa tano usiku ndiyo njia ya kukiua kimyakimya. Baada ya mwaka watasema hakina wasikilizaji.

Mleta mada:
Saa tatu, baada ya habari. Na kazi ndefu ipigwe mara moja, mahojiano yawe katikati. Nani anapinga?